Ibn Zuhr na mrija wa fedha

Ukiwataja matabibu wa Kiislamu wa zamani mbele ya watu barazani, jina la kwanza utakalolisikia ni la Ibn Sina, na la pili aghalabu ni la ar-Razi. Ni wachache watakaomtaja Abu Marwan Abdul-Malik bin Zuhr, mwana wa Ishbiliya, mji ambao leo unaitwa Seville na uko kusini ya Hispania. Wazungu wa zama zile walimwita Avenzoar. Nimemchagua yeye leo si kwa kuwa wale wawili hawastahili, bali kwa kuwa maradhi aliyoyaandika miaka mia tisa iliyopita ndiyo haya yanayotuondolea wazee wetu, na siku hizi hata vijana. Nina maana ya saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni, pamoja na jamaa zake za mfuko wa chakula, ini na matumbo.

Ibn Zuhr alizaliwa Ishbiliya katika miaka ya mwisho ya karne ya 11. Ukoo wao, Banu Zuhr, ulikuwa wa Kiarabu wa kabila la Iyad, na ulikuwa umeshakaa Andalus kwa vizazi kadha. Baba wa babu yake alikuwa faqihi. Babu yake, ambaye naye aliitwa Abdul-Malik, ndiye aliyeuingiza utabibu nyumbani. Alisafiri mashariki, akatibu watu Qayrawan na Misri, kisha akarudi Andalus na kuweka makao Denia. Baba yake, Abul-Ala Zuhr, alikuwa tabibu mwenye sifa kubwa na ulimi mkali. Yasimuliwa kwamba mfanyabiashara mmoja kutoka Iraki alimletea zawadi ya nakala nzuri ya Kanuni ya Ibn Sina, kitabu ambacho kilikuwa bado hakijaenea huko. Abul-Ala akakisoma, akakitia ila, na asikiweke pamoja na vitabu vyake. Alichofanya ni kuzikata karatasi za pembeni zisizoandikwa na kuwaandikia dawa wagonjwa wake.

Katika nyumba kama hiyo mtoto angekuwa nini? Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Abu Marwan alisoma dini, lugha na fasihi kama walivyosoma watoto wa wakubwa wa mji, kisha akakaa miguuni mwa baba yake kujifunza dawa. Na mlango huo haukufungiwa wanawake. Baadaye binti yake na mjukuu wake wa kike walikuwa hodari wa tiba, hasa ya wanawake, na wao ndio waliowatibu wanawake wa nyumba ya kifalme. Ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani kuwa kumsomesha binti udaktari ni mambo ya juzi.

Kijana huyu aliingia katika utumishi wa watawala wa Murabitun, na mwaka 1121 alimwandikia Ibrahim bin Yusuf bin Tashfin kitabu kiitwacho al-Iqtisad, kinachohusu afya ya mwili na ya nafsi. Lakini penye wafalme hapakosi fitina. Ali bin Yusuf, nduguye Ibrahim huyo na mtawala mkuu, alimkasirikia Ibn Zuhr, akamtia gerezani Marrakesh. Tabibu aliyekuwa akiingia majumba ya kifalme kwa heshima akakaa kifungoni kama mhalifu. Hakutengenekewa mpaka dola ya Murabitun ilipoporomoka na Muwahhidun wakaitwaa Marrakesh, mwaka 1147. Abdul-Mumin, mtawala mpya, alimpa cheo, akamfanya tabibu wake na kumsikiliza katika shauri.

Kuhusu wawili hao iko hadithi ambayo sikuweza kuisoma bila ya kucheka. Abdul-Mumin alihitaji dawa ya kuharisha, lakini alichukia mno kuinywa. Ibn Zuhr akauendea mzabibu, akawa anaumwagilia maji aliyoyachanganya na dawa hiyo, hata ukazaa. Akampelekea bwana wake kishada, naye akala huku tabibu akihesabu. Zilipotimia zabibu kumi akamzuia, akamwarifu kuwa atakwenda haja mara kumi, na ndivyo ilivyokuwa. Mtaalamu wa mimea wa leo huenda akakitilia shaka kisa hiki, lakini kinatuonyesha walimwengu walivyomjua: mtu wa hila njema, asiyemlazimisha mgonjwa kwa ukali.

Kisa cha pili ndicho kilichonigusa zaidi. Alipokuwa akienda kwa mtawala, Ibn Zuhr alizoea kupita mtaa mmoja wa Ishbiliya wenye mgonjwa aliyevimba tumbo na kugeuka rangi ya manjano. Siku moja mgonjwa huyo alimwomba amtazame. Ibn Zuhr alimtazama, kisha akatazama kando ya kitanda, akaona gudulia kuukuu alilokuwa akinywea maji kila siku. Akaamuru livunjwe. Lilipovunjwa akatoka chura mkubwa, aliyeingia akiwa mdogo na kukulia humo humo. Tabibu akamwambia maradhi yake yalikuwa ndani ya gudulia. Kweli au si kweli, funzo lake ni zito: mwenye kutaka kujua maradhi ya tumbo asilitazame tumbo peke yake, atazame pia mtu huyo anakunywa nini, anakula nini na anatafuna nini. Hilo ndilo madaktari wa leo wanaloliita vihatarishi.

Kazi yake kubwa ni kitabu cha at-Taysir, alichokiandika kwa kuombwa na Ibn Rushd, mwanafalsafa na tabibu wa Cordoba. Ibn Rushd mwenyewe alikuwa ameandika kitabu cha misingi ya tiba, naye akataka mwenzake aandike cha maradhi moja moja na dawa zake, ili msomaji apate vyote viwili. At-Taysir kilifasiriwa kwa Kilatini huko Venice mwaka 1280, kikapigwa chapa huko huko mwaka 1490, na wanafunzi wa udaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi.

Sifa ya kitabu hicho ni kuwa mwandishi wake haridhiki kukariri ya wakubwa waliomtangulia. Alipotaka kujua kama jeraha la koromeo la pumzi laweza kupona, alimpasua mbuzi koromeo, akalisafisha jeraha kwa maji yaliyotiwa asali, akaliunga na kulitunza mpaka mnyama akapona. Ndipo akajua kuwa mwanadamu anayekaribia kufa kwa kukosa pumzi anaweza kupasuliwa hivyo. Wanahistoria wa tiba humhesabu kuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa walioeleza uvimbe mbaya wa umio na wa mfuko wa chakula.

Kwa mgonjwa ambaye chakula hakishuki, Ibn Zuhr alieleza njia tatu. Ya kwanza ni kumwingiza mrija wa fedha kooni, taratibu, na kumpitishia maziwa au uji mwembamba. Ya pili ni kumkalisha ndani ya maziwa ili mwili ufyonze kupitia ngozini, na hii hakuitilia matumaini makubwa. Ya tatu ni kumlisha kwa njia ya haja, kwa kibofu cha mnyama kilichofungwa mrija. Katika habari zote nilizosoma za maisha yake, hapa ndipo nilipokaa kitako nikafikiri. Ametibu wafalme, amekaa gerezani, amevunja magudulia yenye vyura. Lakini mbele ya umio ulioziba hana dawa ya kuuondoa uvimbe. Alichobakiwa nacho ni huruma, na mrija wa fedha ili mja asife kwa njaa huku chakula kiko mbele yake.

Sasa nikwambie jambo, msomaji wangu. Nenda leo katika hospitali kubwa, utawakuta wagonjwa wa umio wakitiwa mrija wa nyuzi za madini unaotanuka ndani ya njia ya chakula, ili waweze kumeza. Kifaa ni bora mara elfu, lakini fikira ni ile ile ya Ishbiliya. Na sababu ya wengi kuishia kwenye mrija badala ya kupona ni moja tu, nayo ni kuchelewa. Umio ni mpira unaonyumbuka, na uvimbe huanza humo bila ya maumivu. Mtu anapoanza kuhisi tonge linakwama, njia imekwisha bana sana. Kwanza hukwama nyama na mkate, kisha wali, kisha uji, na mwisho hata maji. Nimepata kuwasikia watu wakisema ni mwiba wa samaki uliobaki kooni, wengine wakisema ni husuda, na miezi inapita. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kenya yetu imo katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, ambao saratani ya umio imekithiri, na maradhi haya ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini. Sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Bomet, ndizo zinazojulikana zaidi kwa wagonjwa wengi. Basi mtu wa pwani husikia haya akatulia. Hujiambia kuwa hayo ni mambo ya bara, na kwamba saratani ya koo huletwa na pombe, na sisi pombe hatunywi.

Ni kweli kuwa pombe ni sababu kubwa, na aliyeepukana nayo amefunga mlango mmoja mpana. Lakini nyumba ina milango mingi. Huko Golestan, kaskazini mashariki ya Iran, wanaishi Waislamu ambao wengi wao hawaonji pombe, na hata hivyo saratani ya umio ni nyingi huko kuliko karibu pote duniani. Wataalamu waliwafuatilia watu 50,045 kwa miaka, na mwaka 2019 wakatoa matokeo: waliokunywa chai ya joto la nyuzi 60 au zaidi, kiasi cha mililita 700 au zaidi kwa siku, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa chai kidogo na isiyo moto hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha sema kuwa vinywaji vya moto uliopita nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio. Kosa si la chai wala la kahawa, ni la moto wake.

Nani asiyeijua hali yetu? Kahawa chungu hutoka kwenye dele lililo juu ya makaa, na sifa ya mnywaji ni kuimeza ikiwa inachoma. Chai ya maziwa ikipoa kidogo hurudishwa jikoni. Uji wa futari hunywewa ukingali unafuka. Siwaambii watu waache kahawa, kwani baraza bila ya kahawa si baraza. Nasema finjani ikae kidogo, mazungumzo yatangulie.

Mlango mwingine ni tumbaku kwa sura zake zote: sigara, shisha, ugoro. Wa tatu ni tambuu, ambayo kwetu ni uraibu wa heshima, na harusi nyingine hazikamiliki bila yake. Popoo yenyewe imethibitishwa kuwa huleta saratani. Tambuu, iwe na tumbaku au isiwe nayo, huleta saratani ya kinywa na ya umio. Najua wapo wazee watakaoukasirikia mstari huu, nao ni watu ninaowaheshimu, lakini heshima hainiruhusu kuwaficha.

Nikishuka chini ya umio, nakuta mfuko wa chakula. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kiitwacho helikobakta pailori kinachoishi ndani ya mfuko huo. Baadaye ilithibitika kuwa ndicho kiletacho vidonda vingi vya tumbo, na kikikaa miaka mingi bila ya tiba chaweza kuleta saratani. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho hupimwa kwa pumzi, kwa choo, au kwa kipande kidogo cha nyama ya mfuko wenyewe, na huondolewa kwa dawa za hospitali. Basi mtu anayemeza dawa za kiungulia za dukani mwaka baada ya mwaka, bila ya kupimwa, anapaka rangi ukuta wenye ufa. Vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi navyo vyazidisha hatari.

Ini nalo lina adui zake. Virusi vya homa ya ini vya namna ya B na C, vikikaa mwilini kwa miaka, huweza kuzaa saratani. Chanjo ya B iko, na watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2001. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa anaweza kupimwa damu na kuchanjwa. Adui wa pili ni sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, inayoota katika mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya kwa mara moja. Ikiliwa kidogo kidogo haiui siku ile, bali hulidhuru ini na kulipa saratani nafasi. Mahindi yenye ukungu hayasafiki kwa kuoshwa, ni ya kutupwa.

Mwisho ni utumbo mpana, na hapa ndipo penye habari njema zaidi. Saratani yake aghalabu huanza kama kinyama kidogo kisicho na madhara, kinachochukua kiasi cha miaka kumi au zaidi kugeuka. Daktari akiingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera akakiona, hukikata papo hapo, na saratani haipati kuzaliwa. Kipo pia kipimo chepesi cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Nchi nyingi zinawashauri watu wazima waanze kupimwa wakiwa na miaka 45 au 50, hata kama hawaumwi. Mwenye mzazi au ndugu aliyepata maradhi hayo huanza mapema zaidi: akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao jamaa yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Banu Zuhr walirithishana elimu. Sisi tujue pia kuwa maradhi hurithiwa, na tuulizane bila ya haya marehemu fulani aliondoka kwa nini.

Umio nao huweza kuchunguzwa kabla haujabana. Katika sehemu zenye wagonjwa wengi, madaktari huingiza mpira wenye kamera na kunyunyiza iodini. Ngozi njema ya umio hugeuka rangi ya hudhurungi, na sehemu iliyoanza kuharibika hubaki bila ya kushika rangi. Sehemu hiyo huondolewa ingali changa. Asiyepata uchunguzi huo walau azijue dalili: chakula kukwama, kukonda bila sababu, choo cheusi au chenye damu, kutapika damu, macho kuwa manjano, kiungulia kisichokwisha. Na wenye kuona haya juu ya vipimo vya nyuma wakumbuke kuwa daktari haangalii utupu, anaangalia uhai.

Tumalize habari za sheikh wetu. Ibn Zuhr alipenda mno tini. Ishbiliya ilikuwa na tabibu mwingine aliyeitwa al-Far, ambaye hakuzila ila kwa nadra. Al-Far alimwonya kuwa tini zile zitampa jipu, na Ibn Zuhr akamjibu kuwa kujinyima kule kutampa mtukutiko wa mishipa. Wapokezi wa habari wanasimulia kuwa al-Far alikufa kwa mtukutiko, na Ibn Zuhr akashikwa na jipu kubwa la ubavuni, lililomuua Ishbiliya mwaka 1162, sawa na 557 Hijria. Alizikwa nje ya lango la mji wake.

Katika maradhi hayo alijitibu mwenyewe, akijipaka marhamu hii na kujiwekea dawa ile. Mwanawe Abu Bakr, aliyekuwa tabibu na mshairi, alikuwa akimshauri abadilishe dawa au aongeze nyingine. Mzee alimjibu kwamba ikiwa Mwenyezi Mungu amekwisha taka kuubadilisha mwili huu, hatamjaalia kutumia dawa yoyote ila ile inayokubaliana na matakwa Yake.

Wapo watakaolishika jibu hilo na kusema: basi, kupimwa kwa nini? Nawaomba watazame alilolitenda, si alilolisema tu. Mtu yule aliyaweka maisha yake mikononi mwa Mola wake, na mkono wake mwenyewe ukaendelea kupaka dawa mpaka siku ya mwisho. Kutegemea kwake hakukumzuia kujitibu, na kujitibu kwake hakukumpunguzia imani. Angekuwa nacho kipimo cha kuuona uvimbe wa umio miaka mingi kabla haujafunga njia, sidhani kama angeliacha lango la nyumba ya mgonjwa hata mmoja bila kulibisha. Sisi tunacho, na umbali wake ni nauli ya matatu tu hadi hospitali.